Ukurasa wa Kumi na Mbili

Daktari Edmond alifika kwenye hospitali ndogo ya Burambo, upande wa Masisi, kilima kimoja kabla ya kuingia Walikale, akiwa na begi la nguo, buti mpya na mhuri wake. Watu wa huko mhuri wanauita kashe. Daktari aliyemtangulia aliiacha kashe mezani, na siku za upepo akagandamizia nayo karatasi. Edmond aliivaa yake shingoni kwa kamba nyeusi, ndani ya koti jeupe, akaenda nayo wodini, mezani pa chakula na kwenye misa ya Jumapili.

Mama Emérita ndiye aliyeanza kucheka, na balaa lote lilianzia hapo.

Emérita alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mwenye shamba la maharagwe, shamba la mihogo, na mdomo ambao marehemu mumewe aliuvumilia miaka thelathini kabla ya kwenda kupumzika. Mwezi wa tatu alimuuguza shangazi yake pale hospitalini, akamwona daktari akipiga kashe kwenye karatasi ya dawa, karatasi ya kitanda na karatasi ya kutoka. Jumapili, nje ya kanisa, akawasimulia wenzake kwamba daktari alinogewa mpaka akampiga kashe shangazi mwenyewe mkononi.

"Ule muntu hakusomaka bantu, alisomaka makaratasi," alisema. "Dokta Kashe!"

Habari ya mkono ilikuwa uongo mtupu. Emérita aliitia kama anavyotia chumvi kwenye maharagwe, ili yaliwe. Lakini jina lilinoga. Kufikia Jumatano wanakwaya walikuwa nalo, kufikia mwisho wa mwezi manesi walikuwa wakilinong'ona, na siku moja mgonjwa asiyejua lolote alimwamkia daktari uso kwa uso: "Bonjour, Dokta Kashe." Daktari akauliza jina hilo limetoka wapi. Mlima mzima ulikuwa na jibu, na wote walilitoa bila kuombwa mara mbili.

Sasa, Emérita alikuwa na mkwe, Rosalie, mke wa mwanawe Léonard. Léonard alikuwa mbali, msituni Itebero, akifungua shamba jipya, na mkewe alikuwa amemwachia mama. Rosalie alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alizaa kwa kupasuliwa, na daktari wa zamani aliandika kwenye daftari lake kwamba ya pili nayo apasuliwe, tena kabla uchungu haujamshika, kwa sababu kovu halikupona vizuri. Emérita hakujua kusoma maneno hayo, lakini aliyajua kwa moyo. Alimpenda Rosalie kupita kiasi alichokuwa tayari kukiri, na kwa vile hakuwa tayari kukiri, alimgombeza tangu asubuhi mpaka jioni kuhusu kubeba maji.

Jumanne walikwenda hospitalini kupanga siku ya upasuaji. Daktari alisoma daftari, akasoma jina la kaya, akalirudisha daftari kwa vidole viwili.

"Sitamupasua," alisema. "Soma pale ku ukuta."

Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, kulikuwa na fotokopi ya ukurasa mmoja kutoka kitabu cha sheria za kazi yake, ukurasa wa kumi na moja. Kwenye benchi chini yake alikaa Papa Straton, katekista, aliyekuja na kikohozi chake. Straton alijua Kifaransa. Bahati mbaya, Straton na Emérita walikuwa hawasemeshani mwaka wa pili huo, tangu mbuzi wa Straton alipokula mistari minne ya maharagwe ya Emérita na Emérita akamwita mwenye mbuzi kwa jina la mbuzi.

"Rosalie," alisema Straton, akiangalia fremu, "ambia mama-mkwe yako kama inasema hivi. Dokta iko na haki ya kukatala mugonjwa, juu ya sababu za kazi ao sababu zake mwenyewe, sauf."

"Sauf nini?" Emérita aliuliza.

"Rosalie, ambia mama-mkwe yako kama inaishia pale. Isipokuwa. Bingine biko ku paji ya kumi na mbili."

"Na paji ya kumi na mbili iko wapi?"

Wote watatu walimgeukia daktari.

"Sauf urgence, hatari ya haraka," alisema daktari. "Bile bingine ni byetu sisi badokta. Na huyu haiko urgence. Anatembea, anapumua, hana uchungu. Sababu yangu ni yangu mwenyewe, na muko munaijua."

Emérita aliijua. Ilikuwa lile jina la nje ya kanisa.

"Dokta, nisikie muzuri," alisema. "Kama anakuja muzima, unamukatala. Kama anakuja anakufa, unamupokea?"

"Njo sheria, mama."

"Basi tumurudishe ku nyumba afe kidogo, kisha tumulete?"

Kwenye benchi mtu alikohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa. Daktari aliingia ofisini na kufunga mlango, na kupitia mlango walisikia kashe ikigonga kitu, hawakujua nini.

Njia nzima ya kurudi Rosalie hakumlaumu. Angemlaumu, Emérita angepata pa kujibu. Alitembea tu mbele, mkono mmoja kiunoni, akisema hali ya hewa ni nzuri. Usiku huo Emérita hakulala. Alijiona kwa mara ya kwanza jinsi alivyo, mwanamke mzima aliyeuza tumbo la mkwe wake kwa kicheko cha nje ya kanisa, na akaamua kwenda kuomba msamaha.

Jumatano alivaa kitenge cha Pasaka, akajaza kikapu maharagwe mapya, akaenda. Daktari hakuyatazama maharagwe. Alikuwa ameshaandaa msamaha wa Emérita yeye mwenyewe, kwa mashine, nakala tatu. Moja yake, moja ya faili, moja ya chifu wa kijiji. Kwa mujibu wa karatasi hizo, Emérita alikiri kwamba kashe haikuwahi kupigwa kwenye kiungo chochote cha mwili wa binadamu.

"Ni kweli," alisema Emérita, na kweli alijuta. "Nilisema bongo, nilidanganya. Unisamehe, Dokta. Mutoto hana kosa."

Aliweka dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye nakala ya kwanza. Daktari akaitoa kashe shingoni, akaipulizia pumzi, akaipiga. Emérita aliuma mdomo. Nakala ya pili, dole, pumzi, kashe. Manesi wawili walikuwa wamesimama mlangoni kama mashahidi, wakiangalia dari. Emérita aliwaza mazishi ya mumewe, aliwaza nzige, aliwaza kila kitu kisichochekesha. Nakala ya tatu, dole lake lilikuwa bado juu ya karatasi, na daktari, ambaye wakati huo alikuwa amenogewa, aliteremsha kashe kwa nguvu zote juu ya mkono wake.

Ilitoka safi kabisa. Jina, cheo, hospitali, zote zilisomeka kwenye ngozi.

Emérita alicheka. Alijaribu kuzuia, Mungu shahidi wake, lakini kicheko kilimtoka kwa pua kwanza, halafu kwa mdomo, halafu kikawashika manesi, mmoja akakaa chini. Alicheka huku machozi yakimtoka, na nusu ya machozi hayo yalikuwa ya kweli, kwa sababu alijua anachokibomoa.

Daktari alizishika nakala tatu ili azichane. Mikono ilimgoma. Zilikuwa na kashe, na Edmond hajawahi kuchana karatasi yenye kashe tangu azaliwe. Aliandika "imefutwa" juu ya kila moja, akaipigia hiyo nayo kashe, akazifungia kwenye droo. Kisha akakaa akaandika barua ya transfert, ya kumhamishia mgonjwa kwingine, ndefu, kwa hasira na kwa mwandiko mzuri, akaitia kwenye bahasha.

"Pelekeni mugonjwa wenu Kabushe, kule Walikale," alisema. "Kule kuko dokta na chumba ya kupasulia. Mimi nimefanya yangu."

Kabushe iko mbele kidogo ya Kashebere, mwendo wa saa sita kwa miguu. Mwanamke mwenye kovu na mimba hawezi kuutembea, na pikipiki kwenye njia ile ingemzalisha njiani. Kilichobaki ni kipoyi, machela ya mianzi inayobebwa mabegani na watu wanne.

Mlima wa Emérita una chama cha kipoyi, na chama kina sheria zake, ambazo hakuna aliyeziweka kwenye kioo. Kila kaya inatoa mbebaji. Anayekataa kubeba analipa jerikani moja ya kasiksi, pombe ya ndizi, na wenzake wanainywa mbele yake bila kumpa. Haijalishi aliyelala ndani ni nani. Mwizi anabebwa, mchawi anabebwa, mwenye kukutukana mbuzi anabebwa. Na kipoyi kikishatoka hakirudi na mgonjwa ndani mpaka apokelewe na mkono wa mganga. Mkuu wa chama alikuwa Papa Straton.

Ijumaa asubuhi alifika uani, kikohozi na yote, na wanaume saba wa kupokezana.

"Rosalie," alisema, "ambia mama-mkwe yako alete blanketi."

Emérita alileta blanketi. Alitaka kusema asante, lakini hakujua aipitishe kwa nani.

Saa nne za kwanza zilikwenda vizuri. Wanaume waliimba, wakapokezana bila kusimama. Kashebere ilikuwa siku ya soko, na wauza chumvi na mawese walishuka njiani kuwapisha, wakavua kofia, na vijana wawili wasiowajua waliingiza mabega yao chini ya mianzi wakabeba mpaka mwisho wa kijiji. Hakuna aliyewauliza mgonjwa ni wa zone gani ya afya. Mara baada ya Kashebere, Rosalie alishika ukingo wa kipoyi, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, imeanza."

Nyimbo zilikatika. Walikwenda mbio zile fupi za wabebaji, magoti yamekunjwa ili kipoyi kisiruke. Emérita alikimbia kando akiwa ameshika mguu wa Rosalie, na kila uchungu ulipokuja aliuhisi mguu ukikaza mkononi mwake. Alimwomba Mungu amnyang'anye ulimi, autwae hata siku hiyohiyo, asiguse kitu kingine.

Kabushe, nesi mkuu aliwapokea uani. Aliitwa Josiane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alimgusa Rosalie tumbo, akagusa mahali pa kovu, uso ukabadilika. Akapokea bahasha, akapaza sauti kuelekea ofisini: "Dokta! Transfert ya cicatrice, kovu ya zamani, na uchungu iko ndani!"

Mlango ulifunguliwa, na aliyetoka ni Daktari Edmond.

Emérita alidhani ni jua. Alifumba macho, akafumbua. Ni yeye, koti ni lile, ila shingoni sasa kulikuwa na kamba mbili.

Mambo yalikuwa hivi. Daktari wa Kabushe, Sylvain, alikuwa ameitwa Goma kwenye semina ya wiki mbili. Alhamisi wakubwa wa Goma walipiga simu wakamwomba daktari wa Burambo ashike nafasi hiyo kama intérim. Edmond alisikia maneno matatu tu, kashe ya pili, akapanda pikipiki kabla simu haijakatwa. Barua aliyoiandika Jumatano ilikuwa imemtoka kichwani.

"Huyu nilishamukatala," alisema.

"Dokta wa Burambo njo alimukatala," alisema Josiane. "Hapa ni Kabushe. Barua ni ya dokta wa Kabushe, na hapa barua ya transfert inasomwaka mbele ya benye kuleta mugonjwa. Njo desturi yetu." Akachana bahasha, akasoma Kifaransa chake huku akikitafsiri, kwa sauti ile ya ng'ombe, uani, mbele ya wabebaji wanane, wagonjwa wa siku hiyo na mwanamke mmoja aliyekuwa akipitisha ndizi.

"Mheshimiwa mwenzangu. Nakuletea mgonjwa ambaye mimi, kwa sababu zangu mwenyewe, sitaki kumtibu. Ana kovu baya. Uchungu ukimshika kabla ya kupasuliwa, kovu litaachia, na mama na mtoto watakufa pamoja."

Emérita alisikia masikio yakivuma. Daktari alijua, basi. Jumanne, alipokuwa akiwaonyesha ukuta kwa kidole, alijua yote hayo.

"Nakukumbusha, mwenzangu," Josiane aliendelea, "kwamba baada yako hakuna daktari mwingine karibu. Kwa hiyo wewe huna haki ya kumkataa kwa sababu yoyote, na ukimkataa nitakushitaki kwa wakubwa. Wako katika kazi, Daktari Edmond." Akaigeuza barua kumwonyesha. "Na kashe iko."

Wabebaji walikuwa wamekitua kipoyi kizingitini, mlango wa ofisi nyuma yake, na Straton akaketi chini kando yake, akanyoosha miguu. Wengine saba nao wakaketi.

"Dokta," alisema Straton, "kipoyi yetu haijue kurudi na muntu ndani. Tutakaa."

Edmond alitazama barua. Alitazama kipoyi kilichomzibia mlango. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alimtazama Rosalie mwenyewe, ambaye alikuwa ameuma pindo la blanketi asipige kelele mbele ya wanaume. Emérita alikuwa na maneno ya kumtosha daktari huyo mpaka Krismasi. Yalipanga foleni nyuma ya meno. Aliyabana humo, akapiga magoti kwenye tope na kitenge chake cha Pasaka, akakunja mikono.

"Muingize," alisema daktari.

Mtu wa haki lazima aseme kwamba mikono yake ilikuwa mizuri. Alipasua haraka, akashona taratibu. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye hasira, na sauti aliyoitoa ilimfanya Straton, huko uani, aseme kwa sauti kwamba huyo amerithi kwa bibi. Josiane alitoka akiwa na damu mpaka kwenye viwiko, akamkamata Emérita bega. "Kovu ilikuwa imeanza kufunguka," alisema. "Saa moja tena, mama, ungelirudi na maiti mbili." Emérita aliketi kwenye tope, akalia kwa kelele, bila aibu yoyote.

Jioni daktari alipita wodini. Rosalie, ambaye hakuwa amesema sentensi tatu wiki nzima, alimwita.

"Dokta, mi niko na barua ya kuandika ya kusema asante," alisema kwa upole wake wote. "Niandikie ule wa Burambo mwenye alinikatala, ao ule wa Kabushe mwenye alinipokea?"

Daktari alisema apumzike.

Siku ya nane waliruhusiwa. Josiane aliweka mezani rundo la karatasi za kutoka, na Edmond akazitia sahihi na kashe ya Kabushe moja baada ya nyingine, akizungumza na mtu kwenye simu, bila kusoma. Emérita alikuwa amesimama pale na mtoto mgongoni. Hakujua kusoma lakini alijua kuhesabu. Karatasi za kutoka ni tano. Daktari alipiga sita. Josiane aliikunja ile ya sita ndogo, akamtia mkononi. Alikuwa ameinakili mwenyewe, usiku wa zamu, baada ya Emérita kumsimulia ukuta wa Burambo, kutoka kitabu kizima cha sheria kilichokuwa kwenye kabati la Daktari Sylvain.

Semina ilipokwisha, Edmond alirudi Burambo na kashe moja. Jumatatu hiyo Rosalie alikuwa na siku ya kuangaliwa mshono. Emérita aliondoka naye mapema, na sufuria ndogo ya uji mzito wa unga wa muhogo. Walimkuta Papa Straton benchini, na kikohozi chake. Emérita alipaka uji ukutani kwa kiganja, kando ya fremu ya kioo, akabandika karatasi, akailainisha.

"Uji yako iko mwepesi, Emérita," alisema Straton. "Itaanguka. Ongeza."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili kumwita kwa jina. Emérita aliongeza.

"Tusomee, Papa Straton," alisema.

Straton alisafisha koo akaisomea benchi zima. Ukurasa wa kumi na mbili ulisema: pale penye hatari ya maisha, na pale ambapo kukataa kungekuwa ni kukosa utu, na anayekataa asimwache mgonjwa mpaka awe na hakika kwamba mwingine amempokea.

Alikuwa kwenye neno la mwisho daktari alipotokea mwisho wa korido. Alisoma ukuta kutoka kushoto kwenda kulia, kioo halafu uji. Shingo ikamvimba. Alinyoosha mkono, akashika pembe ya karatasi, na benchi zima likasikia uji ukiachia ukuta.

Halafu akaiona kashe. Ilikuwa chini, mkono wa kulia, imenyooka, wino umekolea: Daktari wa Kabushe, intérim, na sahihi yake mwenyewe.

Mkono ulibaki pale pale. Emérita alikuwa na jina jipya tayari, zuri kuliko la kwanza, limemjaa mdomoni kama kipande cha kiazi cha moto. Alimwangalia Rosalie, aliyeketi na mtoto kifuani, mwanamke kijana ambaye pengine atahitaji kupasuliwa tena. Akalimeza.

Daktari alirudisha pembe ya karatasi ukutani, akaibana kwa dole gumba mpaka ikashika. Uji ulikuwa umechuruzika karibu na kashe. Alitoa kitambaa chake cha mfukoni, akaufuta polepole, asiharibu wino.

"Wa kwanza aingie," alisema.